Mtamba wa Kwaya

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, maana wenzangu niliosoma nao wanaujua, na nisipousema mimi watausema wao na kuutia chumvi. Nilipokuwa darasa la tano niliamini kwamba nimeolewa. Hakuna aliyenidanganya wala kunilazimisha. Niliozwa na kwaya ya shule, mchana kweupe, kwenye uwanja wa mpira, kwa sauti tatu na njuga miguuni, na kwa muda wa majuma matatu nikaishi kama mke wa mtu. Hakuna aliyejua. Hata mume mwenyewe hakujua.

Kilichonirudisha huko ni harufu. Juma lililopita tulibomoa kihenge cha mwisho cha marehemu baba. Siku hizi nafaka tunaweka kwenye magunia ndani ya nyumba, na kile kihenge kilikuwa kimebaki makazi ya kuku na panya. Jembe lilipokipasua ubavu kikatoa pumzi yake yote ya zamani: udongo uliokandwa na mavi ya ng'ombe, vumbi la mtama, na ule utamu mkavu wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa. Nikakaa chini palepale. Mama Kulwa, jirani yangu wa ng'ambo ya ua wa minyaa, akaja mbio akidhani nimepandwa na presha. Nikamwambia si presha, ni kwaya. Akaniangalia kwa namna yake, kisha akasema basi nimsimulie huku akichambua choroko zake, maana mtu hawezi kukaa chini uani saa nne asubuhi bila maelezo.

Ninyi wa rika langu mnakumbuka vijiji vilivyohamishwa, nyumba zikapangwa mistari kama wanafunzi kwenye paredi. Sisi hatukuhama. Boma la baba lilikuwa tayari pale ilipotakiwa shule iwe, kwa hiyo kijiji ndicho kilichotuhamia sisi. Watu wakafika na milango yao mabegani, wakakuta mama anapika. Nadhani tabia yangu ya kutopenda kutoka nyumbani ilianzia hapo: kama dunia inaweza kuja yenyewe mpaka jikoni, mtu anaifuata ya nini?

Kati ya vilivyotujia alikuwamo Mwalimu Haule. Alitoka Songea, mwembamba, na mfukoni alikuwa na kifilimbi kidogo cha kutafutia sauti ambacho tuliamini ni dawa. Kabla yake kwaya ya shule ilikuwa ni kusimama wima, mikono ubavuni, macho darini, na kuimba mpaka mwalimu mkuu aseme inatosha. Mwalimu Haule alituandikia do, re, mi ubaoni, akatufundisha kuzishika, kisha akatutoa darasani. Tuliimba tukipalilia pamba ya shule, tukivuta pumzi jembe linapopanda. Tuliimba tukitembea kama ng'ombe waliotoka malamboni, kama mvua inayokuja kwa mbali, kama vikongwe. Vikongwe niliwaweza kuliko wenzangu wote. Nilikuwa na kipaji cha uzee tangu utotoni.

Wazazi wengine walisema mwalimu anatufundisha wazimu. Mwalimu mkuu yeye alisema pamba haipaliliwi kwa kucheza, na akaweka sharti: kwaya ingekwenda kwenye mashindano ya tarafa kule Maganzo, na ikirudi na aibu, ile saa ya muziki ingekuwa saa ya shamba. Basi Mwalimu Haule akatunga mchezo mzima wa kuimba. Ulihusu binti anayeletewa ng'ombe wa mahari. Kila kitu kilikuwa ndani ya wimbo: wazee wanakuja, wanasalimiana, wanataja ukoo, binti anaitwa, anaulizwa, ng'ombe wanapokelewa, binti anasindikizwa. Na kwa kuwa yeye alikuwa mgeni wa mila zetu, alialika wazee waje kwenye mazoezi wamsahihishe.

Binti nilikuwa mimi. Nilichaguliwa kwa sababu sauti yangu ilikuwa juu, na kwa sababu nyumbani kwetu palikuwa hatua chache kutoka shuleni, kwa hiyo ningepatikana wakati wowote. Nilikuwa na neno moja tu la kuimba, "Wapokeeni," mara tatu, kila mara likipanda ngazi moja. Bwana harusi alikuwa Masanja wa darasa la saba, kijana wa miguu mikubwa ambaye kazi yake ilikuwa kusimama na fimbo na kuonekana ana mali. Kwenye mchezo tulikuwa hatuzungumzi. Nje ya mchezo aliwahi kuniambia sentensi moja, kwamba nisimkanyage.

Ng'ombe walikuwa wavulana wawili wamefunikwa gunia la pamba.

Hapo ndipo palipoharibikia. Siku ya kwanza wazee walipokuja, babu yake Masanja, Mzee Ngassa, alitazama mpaka lile gunia lilipoingia uwanjani likitembea kwa miguu minne isiyopatana. Akasimama. Akauliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, kwenu Songea mnaoa kwa gunia?" Wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Yeye hakucheka. Alisema ukoo wake ukitajwa mbele ya watu wa Maganzo halafu likafuata gunia, atahama wilaya. Kesho yake akarudi akiswaga mtamba mwekundu mwenye baka jeupe katikati ya macho, mnyama mzuri ambaye hajazaa bado, akamkabidhi mwalimu kamba.

Sasa lazima niseme habari ya dada yangu Nkwimba, maana bila yeye ujinga wangu hauna mguu wa kusimamia. Nkwimba aliolewa mwaka mmoja kabla ya kwaya hiyo. Mimi niliona yote, nikiwa nimejibanza nyuma ya mtungi. Wazee walikuja wakakaa kwenye vigoda. Ng'ombe walisimama nje. Nkwimba aliitwa, akaulizwa kama wapokelewe, akaangalia chini, akajibu ndiyo kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Baba akatoa magogo ya mlango wa zizi, ng'ombe wakaingia, wanawake wakapiga vigelegele. Baada ya hapo haukupita mwezi wakaja kumsindikiza kwa nyimbo. Alirudi mara moja tu kututembelea, akiwa na kibuyu cha maziwa, na jikoni kwa mama yake mwenyewe akakaa kwenye kigoda cha wageni. Hicho kigoda ndicho kilichonitisha. Nililia kwa ajili ya kigoda.

Basi siku ile ya mtamba. Tuliimba vizuri kuliko siku zote, maana ng'ombe wa kweli anatia watu adabu. Wazee wakaimba sehemu zao wenyewe, hawakuigiza, walikuwa wanafanya kazi wanayoijua. Nikaitwa, khanga ya mama kichwani. Nikaulizwa. Nikaimba "Wapokeeni" mara tatu, ya mwisho mpaka mbwa wakajibu. Na kwa vile jua lilikuwa linazama, na kwa Mzee Ngassa ni mbali, ng'ambo ya mto wa mchanga, walikuwa wamekubaliana na baba kwamba mtamba alale kwetu mpaka siku ya Maganzo. Mimi habari hiyo sikuwa nayo. Nilichokiona ni kwamba kwaya haikusimama. Ilitoka uwanjani ikiimba, njuga zinalia, mtamba mbele, ikaingia bomani kwetu. Baba alikuwa amesimama zizini. Akatoa magogo yaleyale. Mtamba akaingia. Mama zangu wote wa mstari wa kwanza wa kijiji, waliokuwa wamekaa milangoni wakitazama burudani, wakapiga vigelegele.

Nikasimama pale na khanga yangu, nikahesabu kama Mwalimu Haule alivyotufundisha kuhesabu mapigo. Wazee walikuwepo. Nimeulizwa. Nimejibu, tena mara tatu. Ng'ombe ameingia. Vigelegele vimepigwa. Hakuna kilichokosekana.

Usiku ule sikula. Asubuhi nikaenda kumwona mtamba zizini, nikiwa bado na tumaini kwamba ameondoka. Alikuwepo, anacheua, ananitazama kama mtu anayemtazama shemeji.

Mtauliza kwa nini sikuuliza. Nkwimba alipolia, bibi alimwambia kwamba binti aliyekwisha kujibu mbele ya wazee hana tena swali, na kuuliza ni kumwaibisha baba. Mimi sikutaka kumwaibisha baba. Kwa hiyo nikaanza kuwa mke kimyakimya. Niliacha kucheza rede. Penseli yangu nzuri, ile yenye kifutio, nikampa mdogo wangu, maana sikuwahi kuona mke wa mtu ana penseli. Nikajifunza kusonga ugali wa watu wengi. Na kila nikipishana na Masanja shuleni nilipiga goti kidogo na kumwamkia shikamoo. Mara ya kwanza alitazama nyuma yake kuona nani amekuja. Mara ya tatu akaanza kuitikia marahaba, na kufikia juma la pili akawa ananitazamia kabisa, ananitumia kumchotea maji ya kunywa. Nilichota. Nilihesabu kwamba ndiyo maisha yenyewe.

Mazoezi yaliendelea kila jioni, na huo ndio ulikuwa mtego wenyewe. Kila jioni nilitolewa nyumbani, nikaitwa, nikaulizwa, nikajibu mara tatu. Nilikuwa ninaolewa upya kila siku isipokuwa Jumapili. Nilijaribu kuimba vibaya. Mwalimu Haule akapuliza kifilimbi chake karibu na sikio langu mpaka nikarudi kwenye sauti. Nilijaribu kuimba kimya. Akasema vizuri sana, Minza, hapo binti anaogopa, endelea hivyohivyo. Hakuna njia mbaya niliyojaribu ambayo yule mtu hakuigeuza kuwa sanaa.

Na watu wazima walinisaidia kuzama. Mzee Ngassa kila akipita alisimama kwenye ua wa minyaa na kuuliza kama mke wao hajambo. Mama alimjibu kwamba hajambo, anakula sana, waongeze ng'ombe. Walikuwa wakitaniana kama wanavyotaniana watu wa umri wao, wakacheka, na kila kicheko kwangu kilikuwa muhuri. Jioni moja baba alikuwa ameegemea zizi, anamtazama mtamba kwa yale macho ambayo mtu hutazama mvua. Akamwambia mama, "Mtamba kama huyu, mtu akimrudisha hana akili." Mama akacheka. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta na kinu. Nikaacha kutwanga.

Nilimtafuta bibi. Niliuliza swali langu kwa mzunguko, kama halinihusu: hivi ng'ombe wa mahari akishalala zizini, anaweza kurudi kwao? Bibi alikuwa anakuna ubuyu, hakuinua hata kichwa. Akasema anarudi kama binti amekufa, au kama ametoroka.

Kufa sikutaka. Nikabaki na kutoroka.

Siku mbili kabla ya Maganzo mambo yakajipanga dhidi yangu. Ilitangazwa kwamba lori la ushirika litatuchukua alfajiri, litapitia kwanza kwa Mzee Ngassa kumchukua yeye na wazee wenzake, na mtamba atapanda lori pamoja nasi. Hilo la mtamba sikulisikia. Masikio yangu yalikwama kwenye "kwa Mzee Ngassa". Mama akanifungia kifurushi, maana tungelala Maganzo usiku mmoja: khanga mpya, kipande cha sabuni, chanuo, kibuyu kidogo cha maziwa ya mgando. Nkwimba alitoka na kifurushi kama hicho hicho. Nikaelewa kwamba lori litasimama kwa Mzee Ngassa, watashuka watu wawili, na litaendelea bila sisi.

Alfajiri ya safari nilitoroka. Wenye moyo wa kutoroka huenda Mwanza, huenda Tabora, wanapanda treni bila tiketi. Mimi nilitoroka hatua thelathini. Nilipanda ngazi ya kihenge kikubwa nyuma ya jiko, nikainua kofia ya nyasi, nikaingia ndani. Nilipokuwa napitisha mguu wa pili ngazi ikaanguka, kofia ikajirudisha mahali pake, nami nikashuka chini pu, juu ya mtama uliobaki na gunia la michembe. Ulikuwa ule wakati wa mwaka ambao kihenge kinakaribia kwisha. Kingekuwa kimejaa ningefikia ukingo. Kilivyokuwa, hata nikiruka, vidole viligusa udongo mtupu.

Giza la kihenge ni zito na lina joto, na vumbi lake linakaa kooni. Nikatafuna mchembe ili nisikohoe. Ndipo nikalisikia lori.

Nilisikia kila kitu. Nilisikia Mwalimu Haule akiita jina langu, kwanza kama anayeita mtoro, kisha kama anayeomba. Nilimsikia mama akisema nilikuwa hapa sasa hivi. Nilisikia magogo ya zizi yakitolewa na kwato za mtamba zikigonga ubao wa lori, nikashangaa, nikadhani labda wanamhesabu. Nilimsikia Masanja akisema kwa kuudhika kwamba sasa nani atamwamkia. Dereva akapiga honi. Mwalimu mkuu, ambaye alikuwa amekuja kushuhudia, akasema basi waahirishe, watoto warudi shambani, yeye alijua tangu mwanzo.

Halafu nikamsikia Holo.

Holo alikuwa rafiki yangu wa dawati, mtoto wa wahamiaji wa mstari wa tatu. Aliimba sauti ya pili, nyuma kabisa, na hakuna aliyewahi kumwuliza kitu. Akasema, "Mwalimu, sehemu ya Minza mimi naijua." Mwalimu akapuliza kifilimbi. Holo akaimba "Wapokeeni" mara tatu, pale pale karibu na lori, na ile ya tatu akaishika juu bila kutetemeka, ndefu, mpaka mbwa wetu wenyewe wakamjibu.

Nitawaambia jambo ambalo nilipokuwa nasimulia hadithi hii kwenye harusi na misiba nilikuwa nalipitia pembeni. Wakati ule nilitaka kutoka. Woga wa Masanja, wa Mzee Ngassa, wa kigoda, wote ulitoka ghafla, ikabaki wivu tu, wivu mkali kama njaa. Ile ilikuwa sauti yangu. Nilikuwa nimefungiwa, ni kweli, ukuta ulikuwa mrefu na ngazi imeanguka. Lakini kihenge hakikunifunga mdomo. Wangenisikia kwa neno moja. Nilifungua kinywa, nikavuta pumzi kama tulivyofundishwa, kutoka chini ya mbavu. Kisha nikakifunga tena, pumzi ikiwa ndani. Lori likaondoka likiimba.

Mama alinikuta mchana, alipopanda kuchota mtama. Aliona macho mawili yanamtazama kutoka chini na karibu aanguke na ungo wake. Alinivuta kwa mkono mmoja. Nilimweleza yote nikiwa nimejaa vumbi kama panya, na alicheka mpaka akakaa chini; kisha katikati ya kicheko akakoma, akawa ananipangusa uso kwa khanga yake, polepole, sehemu ileile, muda mrefu.

Baba hakuwepo. Walipodhani nimekimbilia kwa Nkwimba, alichukua baiskeli akaenda huko. Alikuwa hajafika kwa Nkwimba tangu siku ya kumsindikiza. Alirudi alasiri, vumbi mpaka kwenye kope, akanikuta nimekaa jikoni. Mama akamweleza kwa maneno machache. Akakaa. Akaniuliza, "Minza, ulidhani nitakutoa kwa mtamba mmoja?"

Nami sikuwa namjibu kwa ujeuri. Nilitaka kujua, kama mtoto anavyotaka kujua. Nikamwuliza, "Kwani Nkwimba mlimtoa kwa wangapi?"

Mama akageukia chungu chake, akakoroga mboga ambayo haikuhitaji kukorogwa. Baba alitazama mikono yake. Akasema Nkwimba ananisalimu, na akatoka kwenda zizini, ingawa mtamba hakuwepo wa kutazamwa. Habari ya kuniozesha hakuigusa tena maisha yake yote.

Lori lilirudi kesho yake jioni, sauti zimewakauka wote kwa kuimba. Walikuwa wa pili. Na hapo ndipo nilipojua mchezo ulikuwa na mwisho ambao sikuwahi kufundishwa. Mwalimu Haule alikuwa ameuficha. Mzee Ngassa asingetoa mtamba wake kama angejua mchezo unaishia wapi, kwa hiyo mwalimu alisubiri mpaka asubuhi ya mashindano, akawaita watoto nyuma ya ghala la pamba la Maganzo, akawafundisha ubeti mmoja wa mwisho. Binti anasindikizwa, anafika katikati ya uwanja, anasimama. Kwaya nzima inasimama, njuga zinanyamaza. Anavua khanga kichwani, anageuka, anaimba peke yake: rudisheni ng'ombe kwao, mimi bado nasoma.

Wanasema Holo alipoimba hivyo Mzee Ngassa, kamba mkononi, hakujua la kufanya kwa kuwa kwake huo haukuwa mchezo. Alimtazama Holo, akamtazama mtamba. Kisha akatangaza kwa sauti yake ya baraza kwamba mke amemkosa ila ng'ombe hamkosi, akamgeuza mtamba na kuondoka naye uwanjani kwa mwendo wa njuga. Watu wakasimama kushangilia. Jioni hiyo waliporudi, lori lilipitia kwake, mtamba akashushwa, akaingia zizini mwao kama mtu aliyetoka safari.

Mwalimu Haule hakunichapa. Alikuja nyumbani, akasalimia wazee, akakaa nami kwenye kizingiti na kuniandikia ule ubeti kwenye karatasi ya daftari. Akasema, "Nilikuwa nawaficha wazee, Minza. Nimekuficha na wewe." Karatasi nikaichukua. Lakini sehemu ilikuwa ya Holo sasa, na haki yake. Mimi nikawekwa sauti ya pili, nyuma kabisa, kwenye nafasi aliyoiacha. Ubeti ule sijawahi kuuimba mbele ya mtu.

Masanja niliacha kumwamkia. Alininunia mpaka alipomaliza shule.

Holo alionwa pale Maganzo na mwalimu mmoja wa shule ya bweni. Akasoma, akawa mwalimu wa muziki, akafundisha pembe zote za nchi. Kadi zake zilikuja na stempu za miji ambayo mimi niliitafuta kwenye ramani. Mimi nilisoma hadi kidato cha nne, Shinyanga mjini, nikilala kwa shangazi na kurudi nyumbani kila Ijumaa na basi la kwanza. Kazi za mbali zilipotangazwa, kila mara palikuwa na sababu: mama anaumwa, mvua zimekaribia, kuku wanatotoa. Hata mume nilimpata fundi cherehani aliyekubali kuhamia kwetu, na wanaume wenzake walimwita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Shija na ndugu zake nimewazaa kwenye nyumba niliyozaliwa. Sijioni kama nimeonewa. Ni vile tu mtu akiamka asubuhi anajikuta yupo palepale.

Sasa Holo amestaafu, anaishi Kalangalala, kule Geita, na amekusanya watoto wa mtaa kuwa kwaya. Mwezi uliopita alipiga simu. Wanaandaa ule mchezo wa Mwalimu Haule, wote kama ulivyokuwa, na anataka niende. Anasema watoto wamekataa kuamini kwamba binti wa kwanza yupo, na kwamba ubeti wa mwisho ataniachia mimi, na miguu yangu hii. Nikamwambia nitaona.

Ndiyo maana Mama Kulwa alikuwa amekwisha kuja mara moja asubuhi ile hata kabla ya mambo ya kihenge. Holo alikwisha kumpigia na yeye. Alitaka kujua tunasafiri siku gani, maana yeye amekwisha kushona gauni. Nikamweleza habari ya magoti. Nikamweleza habari ya kuku, kwamba sasa hawana pa kulala. Nikamweleza kwamba basi la Geita siku hizi halieleweki. Halafu, ili acheke na asahau swali lake, nikamsimulia haya yote niliyowasimulia ninyi, na pale penye mtamba kunitazama kama shemeji nikaongeza na sauti.

Hakucheka. Alimaliza kuchambua choroko zake, akapuliza pumba, akasimama na ungo wake kiunoni, akautazama ule udongo wa kihenge uliolala uani.

"Mama Shija," akasema, "ng'ombe walimrudisha kwao. Aliyebaki zizini ni wewe."